Kiluhya: Lugha moja au nyingi? Kakamega na funzo la Kikantoni na Kiajemi

MTU akiondoka Shinyalu asubuhi, akapitia mjini Kakamega na kufika Mumias kabla ya jua la utosi, atakuwa amepita katika maeneo ya lahaja tatu bila ya kutoka katika kaunti moja. Shinyalu ni kwa Waisukha, wazungumzao Lwisukha. Lurambi, ambako mji wenyewe umejengwa, ni nyumbani kwa Olutsotso. Mumias nayo ni kitovu cha Oluwanga.

Akigeuka kaskazini hadi Malava atakutana na Lukabras. Akielekea Butere atasikia Olumarama, na Khwisero atasikia Olushisa. Navakholo kuna Olunyala, Ikolomani kuna Lwidakho, ilhali Lugari na Likuyani zimechanganya wasemaji wa Lulogooli, Lubukusu, Lutachoni na wengineo waliohamia huko kutafuta mashamba.

Yote hayo hukusanywa chini ya jina moja: Kiluhya. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Waluhya 6,823,842, wakawa jamii ya pili kwa ukubwa nchini Kenya baada ya Wakikuyu. Kaunti ya Kakamega pekee ilikuwa na watu 1,867,579.

Je, hiyo ni lugha moja yenye lahaja nyingi, au ni lugha nyingi zilizopewa jina moja? Swali hili huonekana kuwa la wasomi wa isimu, lakini ndilo linaloamua kitabu gani kichapishwe kwa ajili ya mtoto wa Gredi ya Kwanza, Biblia ipi isomwe kanisani, na redio itangaze kwa matamshi ya nani.

Kakamega haiko peke yake katika jambo hili. Lugha mbili za bara Asia, Kikantoni na Kiajemi, zimekabiliwa na swali lilo hilo na kila moja imepata jibu lililo kinyume na la mwenzake. Kuzilinganisha kunasaidia kuona Kiluhya kimesimama wapi.

Kikantoni: jina moja, masikio mawili

Kikantoni huzungumzwa katika mkoa wa Guangdong kusini mwa China, Hong Kong, Macau, na katika miji mingi ya ughaibuni waliko wahamiaji kutoka sehemu hizo. Pamoja na lahaja zilizo jirani nacho, kundi lake, liitwalo Yue, lina wasemaji zaidi ya milioni 80. Idadi hiyo inazidi watu wote wa Kenya.

Hata hivyo, katika lugha rasmi ya serikali ya China, Kikantoni ni "lahaja" ya Kichina. Msemaji wa Kikantoni na msemaji wa Kimandarini, ambacho ndicho msingi wa Kichina sanifu, hawaelewani iwapo hakuna aliyejifunza usemi wa mwenziwe. Kumi kwa Kikantoni ni "sap", kwa Kimandarini ni "shi". Kula ni "sik" kwa huyu na "chi" kwa yule. Kimandarini kina toni nne, Kikantoni kina sita.

Kinachowaunganisha ni maandishi. Herufi za Kichina haziandiki sauti kama a-be-che bali huandika neno au sehemu ya neno, hivyo wawili hao waweza kusoma gazeti moja, kila mmoja akilitamka kwa namna yake. Mtoto wa Hong Kong husoma shuleni Kichina cha maandishi ambacho sarufi yake imejengwa juu ya Kimandarini, ila hukisoma kwa sauti za Kikantoni.

Kwa hiyo sikio linasema ni lugha mbili, lakini dola, historia na maandishi vinasema ni moja. Uamuzi huo una gharama yake. Sheria ya lugha ya taifa ya China iliyoanza kutumika Januari 1, 2001 iliipa lugha sanifu nafasi ya mbele shuleni na katika utangazaji. Mnamo Julai 2010 wakazi wa Guangzhou waliandamana kupinga pendekezo kwamba televisheni ya mji wao ihamishie matangazo kwenye Kimandarini kabla ya Michezo ya Asia. Walichohofia ni kwamba usemi ukishaitwa lahaja, kuuondoa shuleni na hewani huonekana jambo dogo.

Kiajemi: majina matatu, sikio moja

Kiajemi kimekwenda upande wa pili. Lugha hii ni ya jamii moja ya mbali na Kihindi na Kiingereza, ingawa huandikwa kwa hati ya Kiarabu iliyoongezwa herufi nne za sauti ambazo Kiarabu hakina. Kiajemi kimejaa maneno ya Kiarabu bila ya kuwa Kiarabu, kama vile Kiswahili kilivyokopa kwa wingi kutoka kwa Waarabu kikabaki kuwa Kibantu.

Wasomaji wa Kiswahili wana akiba ya maneno ya Kiajemi vinywani mwao pasipo kujua. Bandari, nahodha, serikali, bustani, darubini, bima na pamba ni baadhi ya maneno ambayo asili yake ni huko, yaliyofika pwani ya Afrika Mashariki kwa vyombo vya biashara au kupitia lugha za Kihindi na Kiarabu.

Leo lugha hiyo ina majina matatu rasmi. Nchini Iran huitwa Farsi. Nchini Afghanistan, katiba ya mwaka 1964 iliipa jina la Dari. Nchini Tajikistan huitwa Kitajiki, na tangu takriban mwaka 1940, chini ya utawala wa Kisovieti, imekuwa ikiandikwa kwa herufi za Kirusi.

Wasemaji wa pande hizo tatu huelewana kwa kiasi kikubwa. Mkate ni "nan" kwa Dari, "non" kwa Kitajiki, na katika mazungumzo ya kila siku ya Tehran ni "nun". Tofauti za matamshi na msamiati zipo, lakini hazizidi zile zilizoko baina ya Kimvita na Kiunguja kiasi cha kuwafanya watu wahitaji mkalimani.

Kilichowatenganisha ni mipaka ya nchi na hati. Mtajiki aliyesomea herufi za Kirusi pekee anaweza kumsikiliza Mwajemi akisoma shairi na akalifahamu, lakini akipewa kitabu chenyewe hataweza kukisoma. Wachina wanashirikiana kalamu bila ya ulimi, na Waajemi wanashirikiana ulimi bila ya kalamu.

Jina lililozaliwa magharibi mwa Kenya

Neno "Luhya" si la kale kama watu linaowataja. Kabla ya karne ya 20 watu wa eneo hili walijitambulisha kwa koo na makabila yao: Wawanga, Wabukusu, Waragoli, Waisukha na wengine. Wakoloni waliwakusanya pamoja kwa jina la "Bantu wa Kavirondo", jina ambalo wenyewe hawakulichagua na wengi hawakulipenda.

Mnamo miaka ya 1930 dhahabu ilipogunduliwa Kakamega na wachimbaji wa kizungu wakamiminika, hofu ya kupoteza ardhi iliwafanya wakazi watafute sauti moja. Chama cha North Kavirondo Central Association kilikuwa miongoni mwa waliolieneza jina la Abaluyia. Jina hilo kwa kawaida hufafanuliwa kwa neno "oluyia", yaani mahali pa moto ambapo wazee hukusanyika. Maana yake ni watu wa meko moja.

Jina lilishika kasi. Ilipofanyika sensa ya mwaka 1948 lilikuwa tayari limeingia katika hesabu za serikali. Umoja huo ulikuwa wa siasa na ardhi kwanza, na lugha ilitarajiwa kufuata baadaye.

Jaribio la Luluhyia

Tatizo lilikuwa kwamba wamishonari walikuwa wamekwisha kupanda mbegu tofauti. Marafiki, au Waquaker, waliofika Kaimosi mwaka 1902, waliandika Lulogooli, na Agano Jipya katika lugha hiyo likatoka mwaka 1925. Waanglikana wa Maseno na Butere waliegemea Oluwanga, na Agano Jipya lao likachapishwa mwaka 1939. Wakatoliki na Kanisa la Mungu nao walikuwa na maeneo yao na tahajia zao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 iliundwa Kamati ya Lugha ya Luyia. Miongoni mwa vinara wake walikuwa Askofu Mdogo Walter Owen na mmishonari Lee Appleby. Kamati ilikusudia kuunda lugha moja ya maandishi, Luluhyia, ambayo ingetumika shuleni na makanisani kote. Ilijengwa zaidi juu ya lahaja za kati kama Oluwanga, Olumarama, Olushisa na Olutsotso, ambazo wasemaji wake huelewana bila taabu.

Appleby aliandaa msamiati na sarufi, na kazi ya kutafsiri Biblia ikaendelea kwa miongo kadhaa hadi Biblia nzima ya Luluhyia ilipopatikana katika miaka ya 1970. Kwa kipimo hicho, jaribio halikuwa bure. Kitabu kipo na kingali kinasomwa.

Lakini Waragoli walikataa. Walikuwa tayari na maandiko yao, wasomaji wao na tahajia yao, na hawakuona sababu ya kuyatupa ili wasome lugha ambayo mama zao hawakuizungumza. Biblia nzima ya Lulogooli ikatoka mwaka 1951. Wabukusu nao hawakuridhika, na baadaye wakapata tafsiri yao. Mtaalamu P.A.N. Itebete aliandika kuhusu mkasa huo katika kitabu kuhusu lugha nchini Kenya kilichohaririwa na W.H. Whiteley na kuchapishwa mwaka 1974, naye aliuita kwa jina linalouelezea vyema: jaribio.

Ushahidi wa maneno yenyewe

Ugomvi wa tahajia huonekana kama ugomvi wa herufi mbili tatu. Mfano wa neno "watu" unaonyesha kwamba ndani yake kuna mengi zaidi.

Msemaji wa Oluwanga husema "omundu" kwa mtu mmoja na "abandu" kwa wengi. Mbukusu husema "omundu", lakini wingi wake ni "babandu", akirudia silabi nzima ya kiambishi. Mragoli husema "mundu" na "vandu", bila ya irabu ya mwanzo, na sauti ambayo wenzake huiandika kwa b yeye huiandika kwa v.

Tazama pia kitenzi cha kufanya. Kwa Lulogooli ni "kukola", kwa Lubukusu "khukhola", kwa Oluwanga "okhukhola". Mahali ambapo Mragoli ana k, wenzake wana kh, sauti ile inayosikika katika neno la Kiswahili "kheri" likitamkwa kwa Kiarabu. Tofauti hii hujitokeza katika kila kitenzi kwa sababu imo katika kiambishi chenyewe cha kutajia kitenzi.

Wataalamu wamegawanyika kutokana na ushahidi wa namna hii. Malcolm Guthrie, Mwingereza aliyezipanga lugha za Kibantu kwa herufi na nambari, hakuiweka Lulogooli pamoja na Kiluhya. Aliitia katika kundi moja na Ekegusii na Kikuria. Lubukusu naye aliihesabu pamoja na lugha ya Wamasaaba, au Wagisu, wa upande wa Uganda. Kwa mpango wake, mpaka wa kimataifa unawatenga Wabukusu na ndugu zao wa karibu zaidi kwa usemi, kama vile mipaka ilivyowatenga wasemaji wa Kiajemi.

Rachel Angogo Kanyoro, aliyechunguza lahaja hizi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1983, alichagua kichwa kinachozungumzia umoja ndani ya tofauti. Katika mtazamo huo, lahaja za Kiluhya ni mnyororo. Kila pete imeshikana na jirani yake na watu wake husikizana, lakini pete ya mwanzo na ya mwisho ziko mbali. Msamia wa Busia na Mragoli wa Vihiga wakikutana sokoni, aghalabu hugeukia Kiswahili.

Orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, ISO 639-3, imepata njia ya kati. Humo Kiluhya ni mwavuli uliofunika lugha 14, kuanzia Lubukusu na Lulogooli hadi Lwidakho, Lwisukha na Lutiriki zilizohesabiwa kama moja. Kichina nacho ni mwavuli, na Kikantoni ni mojawapo ya lugha zilizo chini yake. Kiajemi ni mwavuli wa Kiajemi cha Iran na Dari, ilhali Kitajiki kimepewa msimbo wake pekee. Hata Kiswahili kimo katika kundi la miavuli, kwa kuwa Kiswahili cha Kongo kimetengwa na kile cha pwani.

Toni ambayo haiandikwi

Kuna jambo jingine linalozikaribisha lahaja za Kakamega na Kikantoni kuliko na Kiajemi, nalo ni toni. Katika Kikantoni, silabi "si" ikitamkwa kwa toni sita tofauti hutoa maana sita zilizo mbali: shairi, historia, kujaribu, wakati, soko na kuwa. Herufi ya Kichina huzitenganisha kwa jicho, kwa sababu kila neno lina alama yake.

Kiajemi hakina toni. Kina mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya mwisho ya nomino. Kiswahili sanifu nacho kiko upande huo, ila mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho.

Lahaja za Kiluhya ni za toni. Sauti kupanda au kushuka huweza kubadili maana ya neno, na zaidi ya hapo hubeba sarufi: wakati wa kitenzi, kukanusha na kuamuru. Watafiti kama Michael Marlo na Kristopher Ebarb wametumia miaka mingi kueleza jinsi toni inavyotofautiana kutoka lahaja hadi lahaja. Maneno mawili yanaweza kufanana kabisa kwa herufi katika lahaja mbili jirani, lakini wimbo wake ukamfichua msemaji kabla hajamaliza sentensi.

Tahajia zote zilizopo, ya Luluhyia, ya Lulogooli na ya Lubukusu, haziandiki toni. Zimeiga desturi ya lugha zisizo nayo. Msomaji mzawa huijaza kwa kumbukumbu, kama vile msomaji wa Kiajemi anavyojaza irabu fupi ambazo hati yake haiziandiki. Mtoto ambaye hakulelewa katika lahaja hiyo hana kumbukumbu ya kujazia, na kitabu hakimsaidii.

Kwa nini Kiswahili kilifaulu

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini kusanifisha lugha kulishindikana Kakamega na kukafaulu pwani karibu na wakati ule ule. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Wasemaji wa Kimvita, wenye fasihi ya karne nyingi, walikuwa na kila sababu ya kunung'unika, na wapo walionung'unika.

Tofauti ya kwanza ni kwamba Kiunguja kilikuwa usemi wa watu halisi, kilichokwisha kusafiri bara na misafara ya biashara. Luluhyia ilikuwa mapatano ya lahaja kadhaa, na mapatano hayana mama wa kuyafundisha nyumbani.

Tofauti ya pili ni nguvu iliyosimama nyuma yake. Kiswahili sanifu kilipewa mitihani, shule, wachapishaji na hatimaye mataifa huru. Luluhyia ilipewa makanisa, tena si yote. Bila ya mtihani na ajira, mzazi hakuona faida ya mtoto kujifunza namna nyingine ya kuandika kile anachokisema kwa namna yake.

Kikantoni na Kiajemi vinathibitisha funzo hilo kwa njia tofauti. Kichina sanifu kilisimama kwa sababu dola ilikibeba, na majina matatu ya Kiajemi yalisimama kwa sababu dola tatu ziliyabeba.

Suala limefika darasani

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba wanafunzi wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za watu wa Kenya. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 uliweka lugha za kiasili miongoni mwa shughuli za kujifunza za gredi za chini.

Sera hizo zote huzungumza juu ya "lugha ya eneo" kana kwamba kila eneo lina moja inayojulikana. Shinyalu au Khwisero swali hilo lina jibu. Mjini Kakamega, ambako darasa moja laweza kuwa na mtoto wa Kiisukha, wa Kibukusu, wa Kimarama na wa Kijaluo, mwalimu hulazimika kuchagua, na mara nyingi uchaguzi wake ni Kiswahili.

Ugumu wa kitabu ni mkubwa zaidi. Kikichapishwa kwa Luluhyia, mtoto wa Butere atajisikia nyumbani, lakini wa Ikolomani atakutana na maneno mageni katika kitabu kinachodaiwa kuwa cha lugha ya mama. Kikichapishwa kwa kila lahaja, gharama hupanda na soko la kila kitabu hupungua hadi mchapishaji akasita.

Redio zimekwisha kutoa jibu lao. Mulembe FM hutangaza kwa Kiluhya kwa jumla, watangazaji wake wakichanganya lahaja na wasikilizaji wakizoea. Sulwe FM imejielekeza kwa Wabukusu. Wataalamu wa kompyuta nao wamechagua. Mradi wa Kencorpus, uliochapisha matokeo yake mwaka 2022 baada ya kukusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya, haukukusanya "Kiluhya" tu. Ulichukua lahaja tatu zilizotajwa kwa majina: Lubukusu, Lulogooli na Lumarachi.

Hapo ndipo hatari ya lahaja ndogo inapoonekana. Tatu zikichaguliwa, nyingine kumi na zaidi zinabaki nje ya mashine, nje ya vitabu na nje ya mawimbi. Miongoni mwa zilizobaki nje ni nyingi za Kaunti ya Kakamega yenyewe.

Kinachoweza kupotea si maneno ya mazungumzo peke yake. Ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa urithishaji wake kwa vijana ulikuwa ukidhoofika. Nyimbo zake zimetungwa kwa Lwisukha na Lwidakho, na ukizihamishia kwenye Luluhyia toni hubadilika, na toni ikibadilika wimbo umebadilika. Vivyo hivyo majina ya miti na dawa ambayo wazee wanaoishi kandokando ya Msitu wa Kakamega wanayajua hayapo katika msamiati uliotungwa na kamati.

Njia iliyo wazi

Mifano ya Asia inaonyesha kwamba hakuna kipimo kimoja cha kuamua lugha ni nini. Ukipima kwa kuelewana, Kikantoni ni lugha na Kitajiki ni lahaja. Ukipima kwa katiba na majina rasmi, mambo hugeuka. Kiluhya kwa kipimo cha kwanza ni lugha kadhaa, na kwa kipimo cha pili ni jamii moja. Majibu yote mawili ni ya kweli, kila moja mahali pake.

Kosa ni kuchukua jibu la siasa na kulitumia darasani. Umoja wa Waluhya ulizaliwa kutokana na haja ya kulinda ardhi, na umetimiza kazi yake kwa karibu karne nzima bila ya kuhitaji kwamba Mragoli aandike kama Mwanga. Hauvunjwi na kitabu cha hadithi kilichochapishwa kwa Lwisukha.

Kinachowezekana kwa gharama ndogo ni kukubaliana juu ya kanuni za tahajia, ili sauti moja iandikwe kwa herufi moja popote inapotokea, huku kila lahaja ikibaki na maneno yake. Mtoto aliyejifunza kusoma Lwisukha ataweza hivyo kusoma Olushisa kwa juhudi kidogo, kama ambavyo Mwajemi wa Tehran husoma gazeti la Kabul. Kazi hiyo ni ya walimu, makanisa, wachapishaji na vyuo vya eneo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kilichoko mjini Kakamega.

Kamati ya miaka ya 1940 iliwataka watu waache usemi wao kwanza ndipo wapate kitabu, na waliokuwa na vitabu vyao wakakataa. Watoto wanaoingia Gredi ya Kwanza leo Shinyalu na Ikolomani hawana kitabu cha kukatalia. Lahaja zao zitaendelea kuitwa Kiluhya katika kila sensa, hata ikiwa hakuna atakayebaki wa kuzizungumza.